Nimeitwa gunia ndani ya gari langu mwenyewe, katika mataa ya Mwenge

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Naandika huku mikono ikinitetemeka kwa hasira, na sitaki ipoe kwanza, kwa kuwa jambo lenyewe limetokea jioni hii, katika mataa ya Mwenge, mbele ya umati ambao kwa macho yangu ulikuwa nusu ya mkoa wa Dar es Salaam. Mtu niliyemlipa anifundishe kuendesha gari la manyuali, lile la kubadili gia kwa mkono, amesimama juu ya kiti cha gari langu na kuwatangazia abiria wa daladala kwamba amepakia gunia.

Jina simtaji, wala hakuna haja. Yeyote aliyewahi kujifunza gari la spoti katika jiji hili anamjua: miwani ya jua hata saa moja usiku, taulo shingoni, na simu mbili ambazo huita kwa pamoja pale unapohitaji maelekezo. Ni yuleyule anayejinadi kwamba hakuna gia iliyotengenezwa Japani asiyoijua.

Gari langu ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, lile lililoanza kuuzwa mwaka 1989, ambalo Wajapani waliliuza kwao kwa jina la Eunos Roadster. Lina viti viwili tu, gia tano, paa la turubai linalokunjwa kwa nyuma, na injini yake inazungusha magurudumu ya nyuma. Nimelitamani tangu nikiwa chuoni, nikaliwekea akiba kwa miaka mingi, likaja kwa meli, nikalilipia ushuru wake wote. Leseni ninayo, na otomatiki naiendesha kila siku kwenda kazini. Kilichonipeleka kwa bwana yule ni klachi tu, ile pedali ya kushoto inayotenganisha injini na gia.

Sasa sikilizeni. Paa lilikuwa wazi kwa sababu yeye ndiye aliyetaka liwe wazi, ili aonekane. Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu, gia ikiwa nyutro, yaani hakuna gia iliyoingia, mguu wangu wa kushoto umeikanyaga klachi hadi sakafuni kama alivyoagiza, naye yumo simuni akizungumzia kiwanja cha mtu huko Kigamboni. Taa ilipogeuka kijani akashtuka, akapiga kelele "Twende!", akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu ulioshika liva ya gia, akausukuma mbele moja kwa moja. Wanaolijua gari hili wameshaelewa. Ukisukuma mbele moja kwa moja kutoka nyutro unaingia gia ya tatu. Ya kwanza ipo kushoto zaidi, upande alikokuwa amekaa yeye, na liva yenyewe ni fupi, kiasi kwamba kati ya gia hizo mbili ni kama upana wa vidole viwili. Nikaachia klachi, gari likaruka, likazima.

Hapo ndipo aliposimama. Mimi hakunisemesha. Alipanda juu ya kiti na viatu vyake, kiti ambacho fundi wa Keko amekishonea ngozi mpya, akaligeukia daladala la Makumbusho lililokuwa ubavuni mwetu, ambalo abiria wake wote walikuwa wakitutazama utosini kwa jinsi gari langu lilivyo chini, akasema kwa sauti iliyofika Bunju: "Samahanini sana ndugu abiria, leo nimepakia gunia." Konda akaitikia, "Gunia lishushwe!" Daladala zima likaangua kicheko. Mama mmoja wa dirishani, aliyepakata ndoo ya samaki, alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Gunia! Gari ni langu, mafuta ni yangu, somo nimelilipia kabla halijaanza, na gia ya tatu kaitia yeye. Nafundisha hisabati kidato cha kwanza. Nimeletewa majibu ya kila namna, na hakuna mtoto hata mmoja niliyewahi kumpandia juu ya dawati ili niwatangazie wapita njia kwamba darasani kwangu kuna gunia. Mtu anayejiita mwalimu hufanya hivyo? Juu ya kiti? Na viatu?

Nilimwambia ashuke, akashuka, simu bado ipo sikioni. Nikawasha gari, nikabana liva kushoto, nikaingiza ya kwanza, nikaondoka zangu. Lakini lile neno ninalo hadi sasa, na kila nikifumba macho namwona amesimama pale juu na taulo lake.

Nawasilisha.

Kaka wa Kimanga

Mwalimu, pole sana. Nilipofika penye taulo shingoni nikaacha kusoma kwanza, nikamwita mke wangu aje aone. Mimi bwana huyo aliniita pasi ya mkaa, kwa sababu klachi ya Altezza yangu ilitoa harufu ya kuungua kwenye kilima cha Makongo, wakati yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nilizuie gari kwa klachi badala ya kuvuta handibreki. Alilitamka hilo mbele ya huyu huyu mke wangu, enzi hizo akiwa mchumba, na jina hilo limehamia nyumbani. Juzi shemeji yangu aliniuliza pasi anaendeleaje.

Shemeji Yenu

Mimi nipo upande wa daladala. Mtu mzima mwenye kazi yake ananunua gari lisiloweza kubeba kreti mbili za soda, anafungua paa katikati ya Mwenge, kisha anashangaa kwamba watu wamemtazama. Hilo gunia lingekuwa la mchele lisingepata hata mahali pa kukaa humo ndani.

Mwalimu wa Zamu

Ndugu Shemeji Yenu, mimi sikulalamikia kutazamwa, nimelalamikia kutangazwa. Watu wa daladala lile hawakuwa na habari nami kabla hajasimama. Angeninong'oneza sikioni kwamba mimi ni gunia, ningenyamaza, ningemlipa, na tusingeonana tena. Yeye alipanda juu ya kiti.

Fundi Mstaafu

Wakuu, niongeze kwa upande wa ufundi, kwa sababu Mwalimu amedhulumiwa hata katika hilo. Liva ya gari hili ukiiachia ikiwa nyutro hurudishwa na springi hadi kwenye mstari wa gia ya tatu na ya nne, na ndiyo maana anayetaka ya kwanza hulazimika kuibana kushoto na kuishikilia huko huko anapoisukuma mbele. Gia ya tatu hupeleka kwenye magurudumu kasi kubwa lakini nguvu ndogo, hivyo injini ya lita 1.6 inayozunguka polepole haiwezi kulinyanyua gari lililosimama. Klachi ikishashika, inaiburuta injini hadi chini ya mzunguko unaoiwezesha kuendelea kuwaka, na hapo lazima izime. Anayetaka kuondoka kwa gia ya tatu itambidi akanyage mafuta mengi na kuichoma klachi yake makusudi.

Na asije mtu akamwambia Mwalimu kwamba alikosea kujifunzia gari la spoti. Gari hili halifiki tani moja, klachi yake ni laini, na ukikosea linakuonyesha palepale. Lenye taabu ni lile la tabo, yaani lenye injini iliyoongezewa nguvu, lililofungwa klachi ngumu ya mashindano, ambalo katika foleni ya Ubungo linaumaliza mguu wa kushoto kabla mtu hajafika Kimara.

Dereva wa Tunduma

Nimewasoma wote, na naona mnalilia gunia bure. Mimi nilijifunzia lori nikiwa utingo, lori la zamani ambalo gia zake hazikubali kuingia mpaka uikanyage klachi mara mbili: unakanyaga unatoa gia, unaachia ukiwa nyutro, unakanyaga tena ndipo unaingiza, na ukikosea mzunguko wa injini giaboksi inalia hadi kijiji cha pili. Bosi wangu alishika spana kubwa, na kila gia ilipolia spana ile iligonga goti langu. Siku moja tukiteremka Kitonga niliingiza gia ndefu ya kasi mahali pa gia nzito ya kulizuia lori, akanishusha, nikaumaliza mlima kwa miguu nyuma ya lori nikila vumbi lake. Hakuna aliyenifungulia uzi.

Mwalimu wa Zamu

Pole sana kwa goti lako, kaka. Hata hivyo spana ilikupiga mkiwa wawili ndani ya kibanda, na gia ulikosea wewe. Mimi gia kaitia yeye, akasimama yeye, akatangaza yeye.

Mama Wawili wa Goba

Mnapoteza muda na mwenye taulo, wakati mhalifu mkubwa katika mambo ya klachi yupo Kariakoo, naye mnamjua vilevile: yule wa kaunta ya bluu, anayekukaribisha kwa soda kabla hujasema shida yako. Aliniuzia pleti ya klachi, ile sahani inayosuguana na injini, ikiwa ndani ya boksi jipya lenye maandishi ya Kijapani, akaniapia kwa watoto wake, na fundi wangu akaifunga siku hiyohiyo. Haikufika Goba. Ilianza kuteleza kabla ya Tangi Bovu, injini ikinguruma na gari likitambaa, huku bodaboda waliopakia abiria wawiliwawili wakinipita. Tulipoifungua tukakuta pleti kuukuu iliyopakwa rangi.

Shemeji Yenu

Kaunta ya bluu! Dada, mimi mtu huyo aliniuzia silinda ya klachi iliyokuwa ikivuja tangu ndani ya boksi. Nilipoirudisha akanipa soda nyingine na kuniambia kwamba silinda zote huvuja mwanzoni.

Kaka wa Kimanga

Na mimi nilinunua kwake pleti ya Altezza! Sasa nimeanza kufikiri kwamba ile harufu ya Makongo huenda haikuwa ya mguu wangu kabisa, na mke wangu nimemweleza hivyo dakika hii.

Fundi Mstaafu

Pleti mpya ni rahisi kuitambua kabla hujalipa. Toa boksini, ipeleke kwenye mwanga, utazame ribiti zake, zile pini zinazoushikilia uso unaosuguana: katika pleti mpya vichwa vya ribiti vimezama chini ya uso unaosuguana, na kadiri inavyolika ndivyo vinavyokaribia kuwa sawa na uso huo. Kisha zitazame springi za katikati. Zikiwa zimekatika au zimechomoka, irudishe, hata kama umeshakunywa soda yake.

Mwalimu wa Zamu

Naomba kwa heshima turudi kwenye mada. Nimetoka kulikagua gari kwa tochi, na alama ya soli ipo kwenye kiti, kisigino na vidole vyote, upande ulioelekea daladala. Mtu mzima alisimama pale na kuniita gunia, nanyi mnazungumzia ribiti?

Dereva wa Tunduma

Fundi, za malori nazo zinapimwa hivyohivyo? Kuna mmoja hapa njiani ameniuzia pleti, na sasa namtilia shaka tangu Mama Wawili aliposema habari za rangi.

Fundi Mstaafu

Zinapimwa hivyohivyo, ila za lori zitazame pia pembeni, kwa kuwa zilizokaa sana kwenye joto hupata nyufa.

Mama Wawili wa Goba

Jumatatu naipeleka yangu kwa mwenye kaunta ya bluu ikiwa na rangi yake hivyohivyo. Mwenye cha kurudisha tukutane kituo cha mwendokasi Gerezani saa mbili asubuhi, tuingie pamoja, na asikubali mtu soda.

Shemeji Yenu

Nitakuwepo na silinda yangu.

Kaka wa Kimanga

Nami nitakuja, pamoja na mke wangu, ili asikie mwenyewe.