Tupeane uzoefu: fukwe na visiwa vidogo vya Karibea

Ngalawa Kuukuu
Wakuu, salaam. Najua mlioko Uingereza na Kanada baridi ikizidi mnakimbilia Karibea. Mwageni uzoefu hapa, ila hoteli za kulipia kila kitu sizitaki. Nataka fukwe na visiwa vidogo.

Naanza mimi: Carriacou, Grenada. Ukisimama Paradise Beach unaiona Sandy Island mbele yako, kipande cha mchanga tu, na wenye boti wanakuvusha na kukufuata jioni. Nilikwenda kabla kimbunga Beryl hakijapiga Julai 1, 2024 na kung'oa mapaa karibu kisiwa kizima, kwa hiyo ulizieni malazi mapema. Chakula chao cha taifa ni oil down: shelisheli, majani ya majimbi na manjano, vinachemshwa kwa tui mpaka likauke. Mzanzibari akionja atauliza mpishi ana ndugu Makunduchi. Waislamu ulizeni nyama kwanza, mara nyingi wanatia mkia wa nguruwe.

Binti Jambiani
Mimi Barbados. Kilichonishangaza ni bahari kutopwa! Kwetu ukiamka maji yako kule mwambani na kina mama wameshaingia kwenye mwani. Kule tofauti ya kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki hata mita moja, unaogelea saa yoyote. Ila chagua upande. Magharibi, kama Paynes Bay, maji yametulia. Mashariki, Bathsheba, ni Atlantiki yenyewe: piga picha, kula samaki, rudi. Na fukwe zote ni za umma, mlinzi wa hoteli hana ubavu wa kukufukuza mchangani.

Mla Pweza
Nyongeza: msibebe nguo za mabaka ya kijeshi. Barbados, Grenada, St. Vincent, Trinidad, zote raia haruhusiwi kuvaa, hata mtoto. Kofia ya mpwa wangu iliishia uwanja wa ndege.

Tajiri wa Kesho
Hakuna aliyetaja sargassum? Ni mwani wa kahawia unaoelea, tangu 2011 unaletwa kwa wingi, hasa kuanzia Machi hivi hadi Agosti. Tulifika Mei, hoteli ya upande wa mashariki (jina naliacha), picha zao mtandaoni maji ya feruzi. Tukakuta lundo limefika magotini linanuka mayai viza, trekta linazoa asubuhi, mchana mwani umerudi. Kabla ya kulipa, dai picha ya wiki hiyo hiyo.

Mama Leicester
Bequia, wanangu, kisiwa cha St. Vincent na Grenadines. Feri kutoka Kingstown ni kama saa moja. Princess Margaret Beach unaoga, ukichoka unatembea hadi Lower Bay kula. Siku moja chukueni boti hadi Tobago Cays, visiwa vitano visivyokaliwa na mtu. Pale Baradal, kimojawapo, kasa wanakula nyasi za bahari chini yako kabisa, unamwona anatafuna, anapanda juu kuvuta pumzi, anashuka tena. Usimguse. Bei ikitajwa, uliza ni dola gani! Ya Marekani moja ni 2.70 za kwao.

Halafu kuna mti wa ufukweni unaitwa manchineel, mara nyingine wameupaka mstari mwekundu. Tunda lake kama tofaa dogo la kijani, ni sumu, na utomvu unababua ngozi. Mvua ikinyesha msijikinge chini yake.

Kijana wa Likoni
Wenye pasipoti zetu, tiketi ya kupitia Miami inataka viza ya Marekani hata kama unabadilisha ndege tu. Bei rahisi isiwadanganye. Kuna aliyefika Klein Curaçao, kile kisiwa kidogo jirani na Curaçao?

Mla Pweza
Nimefika. Hakuna wakazi, kuna mnara wa taa wa zamani na meli iliyokwama upande wa upepo inaliwa na kutu. Kwenda boti inapambana na mawimbi karibu saa mbili, nusu ya abiria walitapika. Kurudi ni mteremko. Dawa ya kichefuchefu meza kabla hamjang'oa nanga.