Naomba ushauri: "put off", "put up", "put out" zinanichanganya kazini, nianzie wapi?

Bint_Meru

Wakuu, habari za leo.

Niko kwenye ofisi ndogo ya utalii hapa Arusha. Kazi yangu ni kujibu barua pepe za wageni na kuwapangia ratiba. Kiingereza cha shule ninacho, mkataba mrefu nausoma na kuuelewa. Ninapokwama ni kwenye vile vitenzi vya vipande viwili au vitatu, wanavyoviita phrasal verbs. Mgeni hatumii neno gumu hata moja, lakini sentensi nzima inanipita.

Hizi ni za wiki hii tu: "We may have to put off the trip." "Could you put us up for one more night?" "We don't want to put you out." "How much do we need to put down?"

Put najua ni kuweka. Nikiunga kuweka na juu, au kuweka na nje, sipati kitu. Nimepakua orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti, nikifika C za A zimeshatoka kichwani. Naogopa siku moja mgeni aseme anaahirisha, mimi nimfutie safari. Aliyepita njia hii anisaidie.

Mwalimu_Mstaafu

Binti, swali lako ni zuri, na wala hauko peke yako. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa huko London mwaka 1755, aliandika kwenye utangulizi kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kabisa.

Acha kutafsiri kipande kimoja kimoja. Kwetu mtu hukata tamaa, hukata rufaa, hukata tiketi, hukata kona, na hakuna anayetafuta kisu. Tunachukua maneno yote mawili kama kitu kimoja. Fanya hivyohivyo na hizo zako.

"Put off" ni kuahirisha: safari bado ipo, tarehe ndiyo inasogea. Anayefuta kabisa husema "call off". Hizo mbili zibandike ukutani mbele ya meza yako, maana moja unabaki na mteja na nyingine unaanza kuhesabu pesa za kurudisha.

"Put us up" ni kuwapatia mahali pa kulala. "Put down" hapo ni kulipa kianzio. "Put you out" ni kukusumbua. Hii mara nyingi ni lugha ya adabu, mtu anaitanguliza kabla ya kuomba jambo, kwa hiyo soma sentensi inayofuata ujue anataka nini hasa.

Na ukikutana na "put up with", simama usome mara ya pili. Ni kuvumilia. Mgeni akiandika "We had to put up with the generator all night", hakupi taarifa kuhusu jenereta, analalamika. Waingereza wengi hawapandishi sauti wanapolalamika. Jibu lako lianze na pole.

Kijana_wa_Sinza

Mimi orodha nilikariri yote na mtihani nikafaulu. Dada, kaza tu, kukariri kunasaidia.

Mapokezi_Unguja

Kijana, kwa mtihani sawa. Huyu dada anajibu watu walio safarini, na mgeni hakuletei vitenzi kwa alfabeti.

Bint Meru, mimi niko mapokezi hotelini. Kilichonisaidia ni kupanga daftari kwa hatua za safari ya mgeni. Ukurasa wa kuwasili, wa njiani, wa malipo, wa matatizo. Naandika sentensi ya mgeni nzima kama alivyoiandika, chini yake maana kwa Kiswahili, halafu jibu nililompa.

Kwenye ukurasa wa kuwasili kuna "Our flight gets in at seven." Ndege inatua saa moja, na kama hakutaja asubuhi au jioni, muulize kabla hujampangia dereva. Njiani kuna "set off", kuanza safari, na "break down", gari kuharibika. Matatizo: "Two of us have dropped out", wawili wamejitoa, basi bei ya kundi ibadilishe mapema. "Our plans fell through", mipango imevunjika.

Angalia pia "take off". Ndege inapaa, mtu anavua koti, mfanyakazi anachukua siku mbili za mapumziko, na "Can you take something off the price?" ni mtu anaomba punguzo. Maneno ya jirani ndiyo yanaamua, ndiyo maana nasisitiza uandike sentensi nzima.

Mtu_wa_Ngong

Salamu kutoka Nairobi. Niongeze moja linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Kile kipande cha pili tunakiacha panapohitajika na kukiweka pasipohitajika. Huku kila mtu husema "I will pick you at the airport". Mgeni ataelewa, lakini yeye mwenyewe angesema "pick you up". Halafu "cope up with" imejaa maofisini hadi kwenye barua rasmi, wakati Kiingereza sanifu ni "cope with". Kwa anayeandikia wateja kila siku, hizi mbili ni za kurekebisha kwanza.

Bint_Meru

Asanteni sana, daftari naanza leo. Swali moja bado. Nimeona "put off the trip" na nimeona "put the trip off". Ipi sahihi?

Mwalimu_Mstaafu

Zote mbili. Lakini ukitumia it, them, you na wenzao, hapo huna hiari: linakaa katikati. "Put it off", kamwe si "put off it". "Pick them up", si "pick up them".

Vipo visivyokubali kutenganishwa: "look after them", kuwaangalia. Vya vipande vitatu kwa kawaida navyo havipasuliwi: "put up with it", "we ran out of water", maji yalituishia.

Utajuaje? Fungua kamusi ya wanafunzi ya Oxford au Longman. Kitenzi kinachotenganishika kimewekewa mshale wenye ncha mbili. Kamusi ndogo za mfukoni nyingi hazina alama hiyo.

Mapokezi_Unguja

Na kwenye mkataba au masharti ya malipo baki na "postpone" na "cancel". Shuleni tulipewa zaidi maneno hayo yenye asili ya Kilatini, na kwenye karatasi rasmi yanakaa vizuri. Kwenye barua pepe fuata mgeni anavyoandika. Yeye akisema "put off", nawe mjibu kwa "put off".

Bint_Meru

Nimejaribu majibu matatu, naomba mniangalizie kabla sijatuma:

1. No problem, we can put it off until June.
2. Our driver will pick you up when your flight gets in.
3. We will be happy to put up you for one more night.

Mwalimu_Mstaafu

Ya tatu: "put you up for one more night". Mbili za kwanza zitume kama zilivyo.