Ghorofa 14 ufukweni: tukubali au tukatae?

Jirani_wa_Mawimbi:
Wakuu, habari zenu. Nahitaji mawazo kabla ya mkutano wa mtaa wiki ijayo.

Tunaishi nje kidogo ya jiji, kandokando ya bahari, nyumba za chini tupu. Sasa mwekezaji anataka kusimamisha jengo la ghorofa 14 kwenye kiwanja kilichopakana na mchanga. Nusu ya majirani wanahesabu viwanja vyao vitakavyopanda bei, nusu hawataki hata kusikia. Mimi sina upande.

Ufuko wetu unatazama mashariki, na watoto huogelea jioni. Juzi saa kumi nilichomeka kijiti cha mita 1 mchangani, kikatoa kivuli cha mita moja na nusu. Jengo la mita 45 si litatoa karibu mita 70? Na maji yakijaa, mchanga wetu haufiki hata mita 40. Mke wangu anasema nimeanza uchizi.

Fundi_Nondo:
Hujachizika mkuu. Surfers Paradise kule Australia, minara huufunika ufuko kwa kivuli kila alasiri.

Ila mimi kivuli hakininyimi usingizi. Chumvi ndiyo adui. Inapenya kwenye zege polepole, nondo zinashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani. Nje unaona rangi nzuri tu. Surfside, Florida, jengo la ghorofa 12 liliporomoka usiku wa Juni 24, 2021, watu 98 wakafa. Mhandisi alikuwa ameandika tangu 2018 kwamba maji yanatuama kwenye sakafu inayozunguka bwawa la kuogelea. Kwa hiyo msiulize nani anajenga tu. Ulizeni nani atalikarabati miaka 30 ijayo, na kwa fedha ipi.

Mpenda_Minara:
Nyie mnaogopa urefu bure. Benidorm, Hispania, walipanga mji wao tangu 1956, wakaenda juu na kuacha nafasi kati ya majengo. Watu walewale ukiwaweka kwenye nyumba za chini, watameza pwani nzima kwa kilomita kadhaa. Hapo utalia na nani?

Mama_Pwani:
Benidorm walipanga kwanza, mwanangu. Kwetu jengo lilitangulia, mpango haujafika mpaka leo. Njia tuliyopita tangu utotoni sasa ina geti na mlinzi anayeniuliza namtembelea nani. Namtembelea bahari!

Kivuli kitahama jua likihama. Njia ikifungwa imefungwa.

Jirani_wa_Mawimbi:
Mama, umenigusa. Kwenye mchoro wa mwekezaji wetu, njia yetu ya kwenda baharini nayo haipo kabisa, nami nilikuwa nimeshikilia kijiti changu!

Basi sitapinga ghorofa. Nitadai jengo lirudi nyuma. Ufaransa, sheria ya 1986 inazuia kujenga ndani ya mita 100 kutoka baharini nje ya maeneo yaliyokwisha kujengwa. Sisi tukipata hata 60, na njia ya umma ikaandikwa kwenye hati badala ya ahadi ya mdomo, nitanyoosha mkono wa ndiyo.

Fundi, wametupa ripoti ya udongo, kurasa 40. Inasomwaje?

Fundi_Nondo:
Tafuta kwanza kina cha maji ya ardhini, na kama walipima wakati bahari imejaa au imekupwa. Ukurasa huo upige picha, ulete hapa.