MREJESHO: Inveta iliyokuwa inazima kila friji ikiwaka

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1000 inapiga kelele na kuzima kompresa ya friji ikiamka, wakati betri ya 12V 200Ah imejaa. Aliyesema nipime volti pande zote mbili friji inapowaka, ubarikiwe: kwenye betri 12.1, kwenye inveta 10.3! Umeme ulikuwa unapotelea kwenye waya mwembamba wa mm 10 za mraba, mita nne, inveta ikadhani betri imeisha. Nimeweka mnene wa mm 35 za mraba, usiofika mita, na fyuzi jirani na betri. Kimya kabisa sasa.

Ule ushauri wa kuhamia mfumo wa 24V bado, mfuko umegoma. Na siku za mawingu betri haijai, alfajiri friji inalala. Paneli nyingine ya sola naitafuta. Asanteni, hasa mlionizuia kununua betri mpya.