MJADALA: Dogo kaleta insha iliyoandikwa na AI (akili mnemba), huo ni ujuzi wa kidijitali au ni wizi?

Wakuu habari za jioni, leo tubishane kidogo maana ofisini kwetu walimu tumeshagawanyika.

Juzi niliwapa Form Two insha, "Soko la mtaani kwetu". Dogo mmoja kaleta Kiswahili kimenyooka kuliko changu, soko lina "bustani tulivu" na "wauzaji wenye tabasamu la ukarimu". Bustani ipi jamani?? Nikamuita, nikamuuliza dagaa kwenu mnanunua kwa nani, hapo hapo akaanza kutiririka, kuna mama anapimia kopo lililobonyezwa kitako kwa ndani, ukimshtukia anacheka anakuongezea kiganja. Sasa hilo kopo ndo insha yenyewe, na kwenye karatasi halikuwepo!

Mwenzangu anasema dogo apewe alama zake, katumia simu ya baba yake ipasavyo. Na kwa makaratasi ana hoja. Mfumo wa Ulaya wa stadi za kidijitali, DigComp, una stadi 21 na mojawapo ni kutengeneza maudhui ya kidijitali. Toleo la 2.2 lilitoka Machi 2022, ChatGPT, ile AI inayokuandikia ukiiuliza, ikaja Novemba 30 mwaka huo huo. Hao wa DigComp AI walishaitaja kwenye mifano yao, sawa, ila kutaja ni jambo moja na kusahihisha daftari ni jingine. UNESCO nao 2024 wakatoa mifumo miwili ya stadi za AI, wa wanafunzi una stadi 12, wa walimu 15. Kila mtu anaongeza orodha tu.

Mimi nasema tusiongeze kitu, tubadilishe namna ya kupima. Zamani ukiona kazi nzuri unajua kuna mtu nyuma yake kaijua, siku hizi kazi nzuri haithibitishi chochote, kwa hiyo mtoto atumie AI akitaka lakini aje aitetee kwa mdomo, aonyeshe wapi mashine imemdanganya. Asiyeliona kosa la bustani huyo hana ujuzi hata awe na simu tatu.

Msinijibu kwamba tupige marufuku simu, shuleni zimeshakatazwa na insha imekuja vilevile, imeandikwa nyumbani.

Ila kuna sehemu nakwama mwenyewe. Nina wanafunzi 68, kila mmoja dakika tano tu za kujitetea ni saa tano na dakika arobaini, kwa insha MOJA. Wenye madarasa makubwa mnafanyaje?