Mtoto wa miezi minne, bati la bluu na laki sita na nusu: ninunue AC au kuna njia nyingine?

Baba Wawili

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Niko Tabata Kimanga, chumba na sebule, nyumba ya wapangaji watano, mita moja. Juu ni bati la msauzi, la bluu, na dari ya jipsamu. Tangu Januari hatulali. Saa nne usiku ukiweka kiganja ukutani ni kama umeshika pasi iliyochomolewa muda si mrefu. Feni ipo, ila inachofanya ni kutuzungushia joto lile lile.

Mtoto ana miezi minne, shingo yote harara, analia mpaka adhana ya alfajiri. Mama mkwe katoka Pangani kuja kumsaidia mke wangu, naye ana presha, mchana anakaa mlangoni na kipepeo cha mkono hazungumzi na mtu. Sasa yeye anataka mtoto apewe maji, mke wangu anasema kliniki walikataza, mimi nimebaki mwamuzi asiye na filimbi.

Nina 650,000 niliyojichanga. Nimeona AC ya mtumba, BTU 9,000, jamaa anataka 450,000 bila ufundi. Kariakoo nimeona ile feni ya kuweka maji na barafu, 280,000. Mwenye nyumba nilipomgusia AC akaniambia nikaitafutie na nguzo yangu ya umeme.

Nipeni ushauri. Kejeli naomba mziweke pembeni, joto linatosha.

Mnyalu wa Mufindi

Mkuu hamia huku. Februari hii nalala na blanketi mbili.

Baba Wawili

Nilisema kejeli pembeni.

Fundi Baridi

Mleta mada, hiyo feni ya maji usiiguse. Nimeuza hizo mashine, najua ninachosema. Inapoza kwa kukausha maji: hewa ikipita kwenye sifongo mbichi, maji yanageuka mvuke na yanaondoka na joto. Hilo linahitaji hewa kavu. Dodoma inafanya kazi vizuri sana. Dar Februari hewa imeshajaa unyevu, maji hayana pa kwenda. Utakachopata ni chumba chenye joto na unyevunyevu juu yake, na jasho halikauki mwilini. Waulize wazee, mtungi wa Dodoma na mtungi wa Dar vyote ni udongo, ila maji ya kule yanauma meno.

AC sasa. BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza. BTU 9,000 chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili inatosha. AC ya inveta, ile inayopunguza kasi yenyewe chumba kikipoa, ikiwa nzuri inakula kama uniti 4 kwa usiku wa masaa nane. Hiyo ya mtumba, kama ni ya zamani isiyo inveta, weka 5 mpaka 6. Kwa vile mko watano mita moja, bila shaka mko tarifu 1, ile ya matumizi ya kawaida, uniti inakaribia shilingi 356 ukishaweka kodi. Uniti 4 kwa usiku ni 1,424. Mwezi ni elfu arobaini na mbili na ushee, kwa chumba kimoja, mnapochanga LUKU pamoja! Mwenye nyumba hana roho mbaya, anaogopa ngumi za wapangaji. Hata ungekuwa na mita yako kwenye ile tarifu nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, AC peke yake ingezimaliza siku ya kumi na tisa.

Feni ya wati 60 ukiiwasha kwa masaa kumi ni uniti 0.6, shilingi mia mbili na kidogo.

Na kingine ambacho mafundi wenzangu hawapendi niseme: AC haitengenezi baridi, inahamisha joto. Kwa nyumba yenu iliyobanana, joto lako linatokea dirishani kwa mpangaji wa pili. Tena angalia kibandiko cha huo mtumba. Ukikuta R22 achana nayo. Gesi hiyo dunia inaiondoa sokoni, na kilo moja ikivuja inapasha dunia kuliko kilo 1,700 za hewa ukaa. Fundi wa mtaani anaiachia hewani mchana kweupe, kisha anakuuzia nyingine.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, la mtoto kwanza, mengine yatasubiri.

Mke wako yuko sahihi. Mtoto chini ya miezi sita hapewi maji hata kwa joto hili. Maziwa ya mama ndiyo maji yake, anyonyeshwe mara nyingi zaidi, usiku pia, na anayetakiwa kunywa maji sana ni mama. Mwambie mama mkwe kwa heshima, usimwambie mbele ya watu. Mpe kazi: ahesabu nepi zilizolowa kwa siku. Zikipungua, mtoto akilegea, akikataa kunyonya au utosi ukibonyea, msitafute ushauri mtandaoni, nendeni hospitali.

Harara ni jasho lililozibwa. Mvueni, abaki na nepi tu, mwogesheni maji ya kawaida mara mbili tatu, msimpake mafuta mazito wala poda kwa mikono miwili. Chandarua msikitoe! Najua kinazuia upepo, ila malaria kwa mtoto huyo ni balaa kubwa kuliko joto. Sogezeni feni karibu na chandarua.

Mama mkwe: watu wazima kiu inawapotea. Asisubiri kiu, anywe kidogo kidogo, isipokuwa kama daktari alimwekea kiwango. Kama katika dawa zake kuna ya kukojoesha, asiache mwenyewe, apitie kliniki aulize. Siku akianza kuongea asiyoyajua, au ngozi ikawaka na akapotewa, mmwagieni maji mwilini, mpepeeni kwa nguvu, na gari liwe njiani tayari. Hiyo si ya kusubiri asubuhi.

Mnapikia wapi?

Baba Wawili

Asante mama, shikamoo. Tunapikia koridoni, jiko la mkaa. Mvua ikinyesha linaingia sebuleni.

Nesi Mstaafu

Marahaba. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, iwe mvua iwe jua. Ule moshi usioonekana unaua watu wakiwa wamelala. Na maharage ya kuchemka masaa matatu koridoni ndiyo joto mnalolala nalo.

Mtoto wa Gerezani

Nyie mnakuza mambo. Joto la Dar halijaanza leo, babu yangu alilala barazani enzi za mkoloni kwa joto hili hili. Kaskazi ikivuma kuna joto, Kusi ikija kuna nafuu. Hizi habari za tabianchi ni za Wazungu, wameshatajirika kwa makaa ya mawe sasa wanataka sisi tusiguse gesi yetu.

Mhitimu Asiye na Ajira

Mkuu umesema mawili, moja kweli moja si kweli.

La kweli: Afrika yote haifiki hata asilimia 5 ya hewa ukaa inayotolewa duniani kwa mwaka. Aliyechafua si mama ntilie wa Buguruni. Hapo tuko pamoja.

La pili: babu yako alilala barazani, sawa. Jiulize kwa nini wewe huwezi. Baraza ipo? Mwembe upo? Mbele kuna ukuta wa tofali futi nane, uani pevingi, pembeni ghorofa la jirani. Hilo joto tumelijenga wenyewe. Juu yake weka la dunia: 2024 ndio mwaka wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, na wa kwanza kupita nyuzi 1.5 juu ya ilivyokuwa kabla ya viwanda. Sudan Kusini walifunga shule Machi 2024 kwa joto la nyuzi 45, na mwaka uliofuata wakafunga tena. Wale mchango wao wa hewa ukaa ni mdogo mno.

Kwetu pwani hutaona 45, bahari haituachii. Tunachopata ni 33 yenye unyevu na usiku usioshuka, na mwili unapumzika usiku. Ndiyo maana mtu wa Dodoma akikwambia kwao ni 34 anashangaa unalalamika nini.

Mtoto wa Gerezani

Haya, tuseme umeshinda kwenye mwembe. Sasa bwawa la Nyerere lina mashine tisa, megawati 2,115. Kwa nini saa mbili usiku feni yangu inazunguka kama inamsubiri mtu?

Laini Kubwa

Nimefanya kazi za nguzo na waya miaka mingi, naomba nijibu hili.

Kuzalisha ni kitu kimoja, kusafirisha cha pili, kukufikishia nyumbani cha tatu. Umeme wa Rufiji unaweza kuwa mwingi na wewe usiuone, kwa sababu transfoma ya mtaa wenu iliwekwa enzi za nyumba thelathini, leo ni mia na ishirini na kila moja ina friji. Saa mbili usiku wote wamerudi, pasi, feni, friji, AC za wenye nazo. Umeme unashuka nguvu. Kwa waya mrefu vilevile unapotea njiani. Mwaka 2025 ulipotangazwa mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kaskazini, watu walicheka, "tuna bwawa tunanunua nini?" Sababu iliyotolewa ilikuwa ndiyo hiyo, upotevu wa njiani kutoka huku mpaka kule.

Tena bwawa ni mvua. Waliokuwepo 2006 wanakumbuka bwawa la Mtera lilivyoshuka na mgawo uliotupata. Wakati ule tulikuwa tumeegemea maji. Gesi ya Songosongo iliyofika Ubungo 2004 ndiyo ilitushika mkono, baadaye ikaja ya Mtwara, tukajenga mitambo ya umeme ya Kinyerezi. Kwa hiyo anayesema tuache gesi kesho asubuhi, simwelewi. Anayesema gesi tu hadi kiama, naye simwelewi.

Mhitimu Asiye na Ajira

Na sola je? Jua ndilo linalotuchoma, tulichome na lenyewe.

Laini Kubwa

Sola nzuri. Tatizo la jamaa ni usiku, kwa hiyo ni betri, na betri ndiyo bei. Halafu paneli yenyewe haipendi joto. Ikichemka juu ya bati inapunguza umeme, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Kwa feni na taa inatosha kabisa. Kwa AC, kwa hela ya mleta mada, asahau.

Bint Kaole

Mmemsahau mwenye uzi, mko Ethiopia.

Kenchi na Misumari

Bint Kaole ubarikiwe. Kaka Baba Wawili, ugonjwa wako uko juu ya kichwa chako. Msauzi wa bluu saa nane mchana haushikiki. Kati ya bati na jipsamu kuna hewa imefungiwa humo kama uji kwenye chupa, na usiku inakushukia taratibu.

Fanya hivi. Mwombe mwenye nyumba upake bati jeupe, upande wako tu. Rangi ya maji ya bati, nyeupe kabisa, isiwe maziwa wala krimu. Nyeupe inarudisha jua kabla halijawa joto. Waambie waoshe bati kwanza, vumbi la Kimanga lile rangi haishiki. Usidanganywe uweke chokaa kwa ubahili, inakula bati na masika moja imeondoka.

Pili, tazama chini ya upenu. Kama fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, imezibwa yote, toboa matundu pande mbili zinazotazamana, weka wavu mdogo popo wasiingie. Hewa ya darini ipate mlango.

Dirisha lako ni la aluminiamu la kusukuma?

Baba Wawili

Ndiyo. Linatazama kaskazini mashariki, ila mbele kuna ukuta wa fensi.

Kenchi na Misumari

Nilijua. Madirisha hayo yanafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo cha kupasha moto ndani. Tulitupa madirisha ya mbao yanayofunguka yote tukajiona tumeendelea. Kwenye ukuta wa fensi omba uondoe mstari mmoja wa tofali, weka matofali ya matundu usawa wa dirisha. Kaskazi inatokea upande huo huo, umeizibia mlango mwenyewe.

Usiku, nje kukishapoa kuliko ndani, geuza feni itazame nje kwenye dirisha la sebuleni na ufungue la chumbani. Itasukuma joto nje na kuvuta hewa mpya ndani. Chumba kikipoa igeuze ikupepee. Mchana fanya kinyume, pazia zito, jua lisiingie.

Mtoto wa Gerezani

Hii ya feni kutazama nje nimejaribu sasa hivi. Mke wangu kaniuliza kama nampepea jirani.

Baba Wawili

Wakuu, wiki mbili zimepita, nimerudi na mrejesho.

AC nimeacha. Mwenye nyumba alikataa kwanza, akasema bati jeupe ni la godauni. Nikamwambia gharama ni yangu, na akihisi aibu majirani hawapandi juu kuchungulia. Rangi, fundi na kuosha 190,000. Matundu ya upenu 45,000. Fensi amegoma, anasema wezi, nimemwacha. Jiko tumelitoa uani kabisa, maharage tunachemsha asubuhi mapema.

Nilinunua kipimajoto kidogo. Kabla ya rangi saa nne usiku kilisoma 33, sasa kinasoma 31, juzi palipovuma vizuri 30. Si Mufindi, ila mtoto analala mpaka saa tisa. Harara imekauka. Nepi anahesabu mama mkwe, anaandika kwa mkaa ukutani na hataki mtu aliguse daftari lake hilo. Alipitia kliniki, dawa moja wamembadilishia.

Imebaki laki nne na kidogo. Nafikiria feni ya pili ya kuchaji, maana juzi umeme ulikatika saa saba usiku tukatoka wote nje kama mkutano wa serikali ya mtaa.

Kenchi na Misumari, njoo sanduku la ujumbe. Mpangaji wa chumba cha nne naye anauliza bei ya rangi, na mwenye nyumba anajifanya hasikii ila anasikiliza.