Mikia ya globu za kauri: mbona haikubanwa kama kioo cha nje?

Fundi_Umeme_Msa

Wakubwa, shikamooni. Mimi ni fundi umeme hapa Mombasa, kazi yangu zaidi ni taa za maduka. Nina mteja wa duka la khanga, darini ana globu za metali halaidi za kauri (zile zenye chumvi za metali ndani ya kibomba cha kauri), wati 70, zile za pini mbili. Anazipenda kwa sababu nyekundu inabaki nyekundu hata usiku. Lakini zinakufa. Mwaka haujaisha nimeshabadilisha sita. Rangi inaanza kugeuka, moja inakwenda kijani, jirani yake waridi, kisha siku moja haiwaki, ignaita, kile kifaa cha kuiwashia, inalia tu.

Jana nimevunja moja nitazame. Ndani kuna kibomba cheupe kama jino, kimetoa mkia mwembamba kila upande. Kioo cha nje, pale kwenye pini, kimebanwa bapa na naona vikaratasi viwili vya chuma ndani yake. Swali langu: kama kubana kunatosha nje, mbona cha ndani wakakipa mikia? Na mkia mmoja una ufa kama unywele karibu na ncha. Ndio ulioiua?

Mama_Tanuri

Marahaba mwanangu. Kwanza, usivunje tena globu hizo. Mna zebaki ndani. Ni miligramu chache, lakini mvuke wake unaingia mapafuni. Fungua madirisha, usifagie, okota vipande kwa karatasi ngumu.

Mimi ni wa Likoni, ila miaka saba nilikaa kwenye benchi la kuziba mikia hiyo hiyo, kiwandani Ubelgiji. Swali lako ni zuri sana, maana umeona njia mbili za kuziba ndani ya globu moja.

Kioo cha nje ni kwatzi. Kwatzi ukiipasha inalainika kama unga uliokandwa, unaibana na koleo. Tatizo ni kwamba ikipata joto ni kama haitanuki kabisa, na molibdenamu, chuma cha vile vikaratasi ulivyoona, inatanuka kama mara kumi zaidi yake. Ndiyo maana waya wa kupitisha umeme hapo unafanywa karatasi nyembamba, sehemu mbili au tatu hivi kati ya mia za milimita, kingo zake kali kama wembe. Wembamba huo unaifanya itii badala ya kung'oka.

Kauri ya ndani ni alumina, yaani oksidi ya alumini. Haipitii hali ya kulainika. Ni punje zilizookwa pamoja, inakaa ngumu mpaka inayeyuka kwenye nyuzi 2050 hivi. Utaibana vipi? Haibaniki. (Weupe wake unaopitisha mwanga tunadaiwa na Robert Coble wa General Electric, aliyegundua miaka ya 1950 kwamba magnesia kidogo tu inawezesha vitundu vya hewa kutoka wakati wa kuoka.) Kwa hiyo tunatafuta chuma kinachotanuka sawa na alumina, nacho ni niobiamu, tunakiunganisha kwa kioo maalumu kinachoyeyushwa. Taa za sodiamu za barabarani zimezibwa hivyo tangu miaka ya 1960.

Lakini metali halaidi ina chumvi za iodini, na chumvi hizo zikiwa moto zinaitafuna niobiamu. Hapo ndipo mkia unapoingia. Unapeleka kiungo mbali na moto, ncha iwe baridi kwa mamia ya nyuzi kuliko tumbo la kibomba. Niobiamu inakaa nchani tu, imefunikwa yote na kile kioo. Kuanzia hapo kwenda ndani ni molibdenamu iliyozungushiwa waya mwembamba, kisha tangsteni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Upande mmoja umeshazibwa. Ndani ya sanduku la gesi ya agoni kavu unadondosha vidonge vya chumvi na zebaki kupitia tundu la mkia, lisilofika hata milimita moja na nusu. Unyevu ukiingia, globu itasumbua kuwaka maisha yake yote. Unapenyeza elektrodi, ile fimbo ya metali hizo tatu, unavisha kipete cha kioo mdomoni, unapasha ncha huku tumbo likipozwa chumvi zisiruke. Kipete kinang'aa, kinakuwa tone kama la asali, halafu kinanywewa ndani. Kauri inapitisha mwanga, kwa hiyo unaona kivuli cha kioo kikiteremka. Kikisimama mapema, niobiamu imebaki uchi. Kikiteremka mno kinafika kwenye molibdenamu, isiyotanuka sawa na kauri, na mkia unapasuka baadaye.

Ufa wako uko mahali pa kushukiwa kwanza, ingawa hata nyundo yako ingeweza kuutia. Sita kwa mwaka si bahati mbaya. Joto lisipotoka, ncha hazipoi. Zimefungiwa ndani ya nini?

Nguzo_Refu

Naunga mkono. Kwenye nguzo, taa ya sodiamu ikizeeka inawaka, inazima, inawaka tena, kwa sababu volti zake zimepanda mpaka choki, kile kifaa kinachodhibiti mkondo wa umeme, haimudu. Hiyo ni uzee. Ya ndugu yetu ni joto. Pia akague choki isije ikawa ya wati 100.

Fundi_Umeme_Msa

Mama, nimepanda leo. Choki ni sawa, 70. Lakini fundi wa dari alijenga sanduku la jipsamu juu ya kila taa, limezibwa pande zote, na juu ya taa pamelala manyoya ya pamba ya vitambaa, unene wa kidole. Pini za soketi zimekuwa nyeusi. Nimetoboa masanduku mawili na kusafisha, soketi nabadilisha kesho. Nina globu moja mpya. Nikiimulika kwa tochi kupitia mkia naona giza nchani, kama robo ya mkia, kisha kweupe. Ndicho kioo hicho?

Mama_Tanuri

Ndicho, pamoja na niobiamu ndani yake. Linganisha na mkia wa pili. Vikilingana, aliyeziba alikuwa makini. Hayo masanduku mengine yatoboe kabla hujaitia.